Si Kila Ngazi Hutaka Vidato Sawa

Neno ngazi limechoshwa. Kila hotuba ina ngazi ya familia, ngazi ya taifa na ngazi ya kimataifa. Kila tangazo la kazi lina ngazi ya mshahara. Aliyepata cheo amepanda ngazi, na akikipoteza watu wanakumbushana kwamba mpanda ngazi hushuka. Katika matumizi yote hayo tunachukulia kimyakimya kwamba vidato vinalingana: kutoka cha pili kwenda cha tatu ni kazi ileile ya kutoka cha tatu kwenda cha nne.

Wapo watu watatu wanaolitumia neno hili wakiwa na kipimo mkononi: mjenzi, mwanamuziki na mwanaprogramu. Hao juu ya usawa wa vidato hawapatani hata kidogo. Mjenzi akiacha kidato kimoja kizidi wenzake kwa sentimita 2, kuna siku mtu ataanguka. Mwanamuziki akivilinganisha vyote, wimbo unapoteza njia. Mwanaprogramu naye amekabidhiwa ngazi ambayo kidato kimoja kinaweza kuwa na kimo mara elfu ya kilicho chini yake, kisha akaambiwa asijali. Kwa maoni yangu, kutopatana huko kunazaliwa na swali moja ambalo kila atengenezaye ngazi hulijibu, ajue asijue: je, anayepanda anatakiwa asahau kwamba yuko kwenye ngazi, au anatakiwa ajue yuko kidato cha ngapi?

Tuanze na ngazi ya zege au mbao, maana ndiyo yenye adhabu ya papo kwa papo. Mtu akipanda huangalia vidato viwili vitatu vya mwanzo, kisha miguu inashika kipimo na macho yanakwenda kwingine. Kuanzia hapo mguu hauinuki zaidi ya inavyolazimu, na ncha ya kiatu hupita juu ya ukingo kwa nafasi ya sentimita chache tu. Ndiyo maana kanuni za nyumba za kuishi zinazofuatwa sehemu nyingi za Marekani zinataka kimo kikubwa kuliko vyote na kidogo kuliko vyote katika mkondo mmoja wa ngazi visipishane zaidi ya inchi 3/8, yaani milimita 9.5 hivi. Kanuni hizohizo zinaruhusu kimo chenyewe kifike milimita 196, mwinuko ambao mzee hataufurahia. Ngazi kali inavumilika. Isiyolingana haivumiliki, kwa sababu inamsaliti mtu ambaye ameshaacha kuitazama.

Uwiano wa kimo na sehemu ya kukanyagia uliwekwa kwenye hesabu na François Blondel, msanifu majengo wa Ufaransa wa karne ya 17. Alichukulia kwamba kuinua mguu kunagharimu mara mbili ya kuusogeza mbele, akataka vimo viwili pamoja na upana mmoja wa kukanyagia vifanye inchi 24 za Paris za wakati ule, karibu sentimita 65. Leo wengi hulenga 63, na mwongozo wa England unakubali popote kati ya 55 na 70.

Chukua kimo cha mita 3 kutoka sakafu hadi sakafu. Fundi mwenye haraka anasema kidato kizuri ni sentimita 17, anajenga 17 vya namna hiyo, anafika 289, na zile sentimita 11 zilizobaki anazifanya kidato cha mwisho. Hapo ngazi imeshaharibika. Masalio hayatupwi mahali pamoja, yanagawiwa wote. Unachagua kwanza idadi kamili, tuseme 18, kisha unagawa 300 kwa 18 na kupata 16.67. Ukitumia upana wa 30, hesabu ya Blondel inatoa 63.3. Sehemu za kukanyagia zitakuwa 17 wala si 18, kwa kuwa ya 18 ni sakafu ya juu yenyewe, hivyo ngazi italala chini kwa mita 5.10. Anayesahau kutoa hiyo moja anachora ngazi iliyozidi kwa sentimita 30, na kwa kawaida anagundua mbao za kumwagia zege zikiwa zimeshapigiliwa.

Kosa la pili limejificha zaidi, na ndilo ninaloliona la hatari kuliko yote kwa sababu hufanywa na watu makini. Zege limepimwa vizuri, vidato vyote 16.67. Kisha sakafu za chini na juu zinawekwa lipu na vigae vya jumla ya sentimita 5, lakini vidato vinawekwa vigae na chokaa ya sentimita 3 tu. Kidato cha kwanza kinabaki na 14.67, cha mwisho kinapanda hadi 18.67, na vile 16 vya katikati havijabadilika. Tofauti ni sentimita 4, zaidi ya mara nne ya kile kinachoruhusiwa. Dawa yake ni kukosea kwa makusudi wakati wa zege: cha kwanza kimwagwe 18.67 na cha mwisho 14.67, ili vigae vije kuvilinganisha. Msimamizi asiyejua hesabu hii atamfokea fundi aliyepatia.

La tatu ni la mikono. Ukipima kila kidato kutoka kwenye kilichotangulia, kosa la milimita 3 linarithiwa. Baada ya vidato 17 limekuwa milimita 51, na cha 18 kinabaki na sentimita 11.6. Fundi mzuri hachukui vipimo 18. Anachukua ufito mmoja, anaweka juu yake kimo chote, anagawa, na kila alama inapimwa kutoka ncha ileile.

Mtengeneza gitaa anafanya hivyohivyo, ila ngazi yake ina vidato vinavyopungua kadiri unavyopanda. Ukitazama shingo ya gitaa utadhani freti, vile vipande vya chuma vinavyokatiza shingo, zimepangwa bila usawa: za karibu na kichwa zimeachana, za karibu na tumbo zimebanana. Kwa sikio, lakini, ziko sawa kabisa, maana sikio halipimi kwa kujumlisha bali kwa kuzidisha. Kila nusu toni, yaani hatua ya freti moja, ina masafa (mitetemo kwa sekunde) ya iliyotangulia mara 1.0595, na ukizidisha hivyo mara 12 unapata maradufu, yaani oktavu. Kwa waya wenye urefu wa milimita 650 unagawa kwa 17.817: freti ya kwanza inakaa milimita 36.5 kutoka pale waya unapoanzia. Zilizobaki, 613.5, unazigawa tena kwa namba ileile na kupata 34.4. Ukifika ya 12 lazima uwe umesimama kwenye 325, katikati kamili. Ukikokotoa hivyo, andika kwanza umbali wa kila freti kutoka mwanzo wa waya, kisha uchore zote kwa rula moja isiyosogezwa.

Zamani walitumia 18 badala ya 17.817. Vincenzo Galilei, mwanamuziki na baba wa Galileo yule mwanaastronomia, alipendekeza uwiano wa 18 kwa 17 mwaka 1581. Freti ya 12 kwa hesabu hiyo inaangukia milimita 2.4 kabla ya katikati, na oktavu inapungua senti 12.5, senti ikiwa ni sehemu moja ya mia ya nusu toni. Kinachofurahisha ni kwamba waya ukikandamizwa hadi kwenye freti unavutika kidogo na sauti inapanda, hivyo sehemu ya upungufu ilijifidia yenyewe. Kosa moja lilifunika jingine.

Lakini kabla ya kufika kwenye usawa huo, muziki ulipambana na masalio kama yale ya fundi wetu. Ukipanda kwa miruko 12 ya nota tano iliyo safi, yaani kama kutoka do hadi so, ambayo kila mmoja ni uwiano wa 3 kwa 2, ungetarajia kutua kwenye nota uliyoanzia, oktavu 7 juu. Hutui. Moja na nusu ikizidishwa yenyewe mara 12 ni 129.75; oktavu 7 ni 128. Ziada hiyo, kama senti 23.5, ni kubwa kiasi kwamba hata asiyejua muziki anaisikia. Kwa karne nyingi waliolinganisha vinanda Ulaya waliirundika kwenye mruko mmoja usiochezwa mara nyingi, ukavuma vibaya hata ukaitwa mbwamwitu. Hicho ndicho kile kidato cha sentimita 11 juu ya ngazi: kila mtu alijua kipo, akakiepuka. Zhu Zaiyu wa China alikokotoa mgawanyo sawa wa sehemu 12 mwaka 1584, na ulipokuja kukubalika kwenye vinanda gharama yake iligawiwa wote. Mruko wa nota tano ulipungua senti 2, jambo dogo. Kutoka do hadi mi, hata hivyo, kulizidi senti 14 kuliko uwiano safi wa 5 kwa 4, na hilo si dogo.

Hadi hapa mwanamuziki anafanana na mjenzi. Wanaachana pale tunapokumbuka kwamba hakuna anayeimba nusu toni 12 mfululizo kama wimbo. Ngazi inayopandwa ni ya do re mi, na vidato vyake ni hivi: toni, toni, nusu, toni, toni, toni, nusu. Nusu ziko kati ya mi na fa na kati ya ti na do. Hizo nusu mbili ndizo alama za njia. Sikio likisikia kidato chembamba linajua liko wapi, na likisikia ti linaidai do. Zilinganishe zote, utapata ngazi ya toni nzima 6, ile ambayo Debussy, mtunzi wa Ufaransa, aliipenda kwa sababu inaelea: nota yoyote inaweza kuwa mwanzo, kwa hiyo hakuna iliyo nyumbani. Ni nzuri kwa dakika mbili za ukungu, na ni mateso kwa kwaya inayotafuta mahali pa kuanzia ubeti wa pili. Hata ngazi ya nota tano, inayopatikana katika muziki wa mabara mengi, kwa kawaida haina usawa. Aina yake inayojulikana zaidi huhesabiwa nusu toni 2, 2, 3, 2 na 3.

Matokeo yake kwa anayefundisha kwaya ni ya moja kwa moja. Kwaya isiyo na kinanda huporomoka kwa sababu toni za kupanda huimbwa ndogo na za kushuka huimbwa kubwa. Ikipoteza senti 5 tu kila mstari, baada ya mistari 20 imeshuka nusu toni nzima, na sauti ya kwanza inaanza kushangaa kwa nini besi wanaguna. Pa kuchunguza kwanza ni mi na ti. Waambie wapandao wapanue toni na kubana nusu. Ila kuna mtego: mi inayoimbwa juu ya do iliyoshikiliwa na besi, bila ala, hujivuta yenyewe kuelekea uwiano safi, senti 14 chini ya mi ya kinanda. Mwalimu anayegonga kinanda kuthibitisha kwamba wameshuka anawasahihisha watu waliokuwa sahihi, na akishawazoesha hivyo sauti zao zikiungana hazitatulia tena.

Sasa kompyuta. Matumizi mengine ya neno hili huko niyapitie haraka. Muundo wa OSI, unaoeleza jinsi kompyuta zinavyowasiliana, una sehemu 7 ambazo wengine huziita ngazi. Mimi ningeziacha ziwe tabaka, kwa kuwa zinalaliana na hakuna anayechagua kusimama katikati. Ngazi za mamlaka, yaani kiasi ambacho programu inaruhusiwa kufanya, kwenye vichakataji vya familia ya Intel ni 4, sifuri hadi 3, na mifumo mingi ya uendeshaji hutumia ya sifuri na ya 3 tu. Za katikati zimekaa bure.

Ngazi yenye uzito ni ya kumbukumbu. Mwaka 1946 wanasayansi Burks, Goldstine na von Neumann walishaona kwamba kumbukumbu kubwa haiwezi kuwa ya haraka kama ndogo, na kwamba itabidi zipangwe kwa madaraja. Ili kuona umbo la ngazi hiyo, chukua nanosekunde 1 (sehemu moja ya bilioni ya sekunde) ya kusubiri data iwe kidato kimoja cha sentimita 17. Kache ni kumbukumbu ndogo ya haraka. Ya kwanza, iliyo ndani ya kichakataji na yenye kilobaiti 32 au 48 kwa kawaida, iko kidato kimoja kutoka chini. Kache ya pili iko kama sentimita 70. Ya tatu iko mita 2 au 3. RAM, kumbukumbu kuu ya kompyuta, yenye nanosekunde 100 hivi, iko mita 17 juu, ghorofa ya tano au ya sita. Diski ya SSD inayojibu kwa mikrosekunde 100 iko kilomita 17. Diski ya kuzunguka, milisekunde 10, iko kilomita 1,700. Kabla ya SSD kuenea mtu alitoka ghorofa ya sita akaenda moja kwa moja safari ya siku kadhaa. Kompyuta ya zamani ikiganda baada ya RAM kujaa, ilikuwa ikifanya safari hiyo mara maelfu kila dakika, ikipeleka vitu diskini na kuvirudisha.

Maurice Wilkes, mwanasayansi wa kompyuta wa Uingereza, alieleza wazo la kache mwaka 1965, na mwaka 1968 IBM ikaiweka kwenye System/360 Model 85. Uamuzi ulioambatana nayo ndio ninaoutilia shaka: kache isionekane. Programu inaomba anwani, mashine inaamua yenyewe data ikae kidato gani. Kwa lugha ya swali letu, walichagua mpandaji asahau. Fundi wa zege alistahili kumpa mtu haki hiyo kwa sababu alivilinganisha vidato kwanza. Hapa vidato vinatofautiana mara elfu, na bado mpandaji amefumbwa macho.

Tazama gharama. Una jedwali la namba 10,000 kwa 10,000, kila namba baiti 4, jumla megabaiti 400. Unataka kuzijumlisha zote. Kumbukumbu hailetwi namba mojamoja. Huletwa kwa vipande vya baiti 64, yaani namba 16. Katika lugha ya C safumlalo imelala pamoja, kwa hiyo ukisoma kwa safumlalo kila safari ya RAM inakulisha mara 16. Ukisoma kwa safuwima, kila namba inaleta kipande chake kizima, unatumia baiti 4 na kuendelea. Ukifika mwisho wa safuwima umeleta vipande 10,000, ambavyo ni kilobaiti 640. Kache ya kwanza imeshavifukuza vingi kabla hujarudi kuchukua namba ya pili katika kila kimoja. Programu mbili, hesabu ileile, jibu lilelile, na moja inaweza kuchelewa mara kadhaa. Fortran hupanga kinyume, kwa safuwima. Anayehamisha programu kutoka lugha moja kwenda nyingine bila kugeuza mizunguko amejijengea kile kidato cha sentimita 18.67.

Kuna hila mbaya zaidi, na inawapata wanaopenda namba nadhifu kama 1,024. Kache imegawanywa kwa seti, na kila anwani inaruhusiwa kukaa kwenye seti moja tu. Kache ya kwanza ya kilobaiti 32 yenye nafasi 8 kwa kila seti ina seti 64. Anwani zinazopishana kwa baiti 4,096 hasa huangukia seti moja. Jedwali lenye safuwima 1,024 za baiti 4 lina safumlalo ya baiti 4,096. Kwa hiyo ukishuka safuwima yoyote, namba zote zinagombea nafasi 8, na ya tisa inamtoa mwenzake, ingawa seti nyingine 63 zimekaa tupu. Tiba ni kuongeza namba 16 zisizo na kazi mwishoni mwa kila safumlalo, iwe 1,040. Sasa hatua ni baiti 4,160, kila safumlalo inaangukia seti inayofuata, na umelipa kilobaiti 64 tu za ziada kwa safumlalo 1,024. Mwanaprogramu amevunja usawa kwa makusudi, kama mwenye mi na fa.

Anayetaka kuiona ngazi ya mashine yake anaweza kuipima kwa programu fupi. Tengeneza orodha ambayo kila chumba kina anwani ya chumba kinachofuata, ianze kilobaiti 4 na iongezwe maradufu hadi megabaiti 256. Kwa kila ukubwa ruka mara milioni 10, gawa muda kwa idadi ya miruko, kisha chora grafu. Ukipanga anwani kwa mfuatano utapata mstari ulionyooka karibu na sakafu, kwa sababu kichakataji hubashiri kinachofuata na kukileta mapema, kwa hiyo lazima zichanganywe. Usizichanganye kama karata za kawaida, kwani mara nyingi mchanganyiko wa kawaida hugawanyika kuwa vizunguko vidogo, nawe unaweza kubaki ukizunguka vyumba vichache ambavyo vyote vimo kwenye kache ya kwanza. Tumia mbinu ya Sattolo ya mwaka 1986, inayohakikisha mzunguko mmoja tu unaopita kila chumba. Grafu ikipanda kama mteremko badala ya vidato vyenye kingo kali, funga programu nyingine zinazogombea kache ya tatu, kisha tazama jedwali la kutafsiri anwani: nalo ni dogo, hujaa, na lina ngazi zake.